Intaneti ya setilaiti: maswali ninayoulizwa mara kwa mara kuhusu foleni, kipaumbele na kasi

Kazi yangu ni kufunga na kutunza madishi: vituo vya afya, kambi za watafiti, hoteli za mbugani, shule za misheni ambako Mkongo wa Taifa haujafika na minara ya simu inaonekana kwa mbali tu. Maswali yaliyomo humu nimeulizwa kwa simu, kwa ujumbe, na mara nyingine nikiwa juu ya paa na spana mkononi. Nayajibu hapa ili nipumzike kidogo. Mengi yanahusu VSAT ya kawaida, ile inayoelekea setilaiti iliyotulia juu ya ikweta. Madishi mapya yanayofuata setilaiti za chini nayo yana sehemu yake huko mbele.

Nimelipia 10 Mbps (megabiti 10 kwa sekunde). Mbona tovuti zinafunguka kama nina 1?

Kwa sababu ulinunua upana, na tovuti inangoja muda. Ni vitu viwili tofauti.

Setilaiti ya VSAT iko kilomita 35,786 juu ya ikweta. Ukibofya, ombi linapanda hadi huko, linashuka kwenye kituo cha ardhini cha mtoa huduma, kisha jibu linapanda na kushuka tena kuja kwako. Hizo ni zaidi ya kilomita 143,000, na mwanga wenyewe huzimaliza kwa karibu milisekunde 480. Ongeza kazi ya modemu na safari ya kutoka kituo cha ardhini hadi kwenye seva, unapata milisekunde 550 hadi 700. Tuseme 600.

Sasa hesabu safari. Kwanza kompyuta inauliza jina la tovuti lina anwani gani. Halafu inasalimiana na seva. Halafu wanakubaliana namna ya kusimba mawasiliano, na seva za zamani hutaka safari mbili kwa hilo peke yake. Halafu ndiyo inaomba ukurasa. Safari nne au tano za milisekunde 600 ni sekunde mbili na nusu hadi tatu, na hujaona hata herufi moja. Hata data ikianza kuja, haiji yote kwa mpigo: seva huanza na takriban kilobaiti 14, ikipata risiti huongeza maradufu, 28, 56, 112. Ukurasa wa kilobaiti 200 unakwisha kabla njia yako ya 10 Mbps haijapata hata nafasi ya kujinyoosha.

Kuna mpangilio wowote kwenye ruta utakaopunguza hizo 600?

Hakuna. Anayekuuzia kifaa cha kufanya hivyo anakuuzia hewa.

Fikiria pantoni ya Kigamboni. Muda wa kuvuka maji ni uleule kwa bajaji na kwa gari la wagonjwa. Kinachotofautiana ni muda uliosubiri ufukweni kabla ya kupanda. Gari la wagonjwa linapitishwa mbele, lori la saruji linasubiri, lakini pantoni haikui wala haikimbii zaidi. Ukiielewa picha hiyo umeelewa kipaumbele cha mtandao, kile ambacho mafundi wanakiita QoS, kwa zaidi ya nusu. Hakikuongezei kasi. Kinaamua nani asubiri.

Nitajuaje kama shida yangu ni foleni au ni umbali tu?

Fanya jaribio la dakika tano. Usiku au alfajiri, watu wakiwa wamelala, fungua dirisha la amri na upige pingi (ujumbe mfupi unaopima safari ya kwenda na kurudi kwa milisekunde) kwenda anwani yoyote ya nje, kama 8.8.8.8, mara 50. Andika wastani. Kisha rudia pingi hiyohiyo huku ukipakia video kubwa kwenda kokote.

Kama ya kwanza ilikuwa 610 na ya pili ni 650, foleni yako iko sawa, tafuta shida kwingine. Kama ya pili imeruka hadi 2,000 au 4,000, umempata mwizi. Modemu nyingi zina bafa, ghala la pakiti (vipande vya data) zinazosubiri kutoka, na watengenezaji huzipa ghala kubwa wakidhani wanasaidia. Bafa ya megabaiti 1 ikijaa kwenye njia ya kupakia ya 2 Mbps inahitaji sekunde 4 kumwagika. Kila pakiti inayofika nyuma yake, hata kama ni sauti ya mtu anayeomba msaada, inapanga mstari sekunde hizo 4.

Basi nimpe nani kipaumbele?

Subiri kwanza. Hapo ndipo watu wengi wanapoharibu, na mimi niliharibu kabla yao.

Kuna kituo kimoja cha afya kando ya ziwa ambako nilifunga ruta nzuri, nikaandika kanuni za kipaumbele kwa ustadi: simu kwanza, mfumo wa taarifa za wagonjwa pili, mengine baadaye. Nikaondoka nimejipongeza. Wiki ya pili mganga akanipigia: alikuwa kwenye simu ya video na daktari bingwa kuhusu mama mjamzito, picha ikaganda, sauti ikaja vipande vipande. Wao walilaumu mawingu. Niliporudi nikakuta simu ya mfanyakazi mmoja iko kwenye waifai, inapandisha video za harusi kwenye hifadhi ya mtandaoni. Kanuni zangu zilikuwepo zote. Hazikufanya chochote.

Sababu ni hii. Ruta hupanga foleni pale tu foleni inapokuwa kwake. Ruta yangu ilikuwa inatoa pakiti kuelekea modemu kwa kasi ya waya, megabiti 100 kwa sekunde. Kwake hakukuwa na msongamano, kwa hiyo hakuna aliyesubiri na hakuna wa kupewa nafasi ya mbele. Foleni yote ilijengeka ndani ya modemu, na modemu haikujua mganga ni nani wala harusi ni nini. Anayetangulia kufika ndiye anayetangulia kutoka.

Dawa ni kuibana kasi kwenye ruta iwe chini kidogo ya ile ambayo modemu inaweza kutoa. Modemu inapitisha 2 Mbps? Ruta ipewe 1.8. Hapo modemu haijazi bafa yake kamwe, foleni inahamia kwenye ruta, na kanuni zako zinapata kitu cha kupanga. Nilibadilisha namba moja tu siku ile. Pingi wakati wa kupakia ilishuka kutoka karibu 2,900 hadi 690.

Yaani nijinyime kasi niliyoilipia?

Ndiyo, asilimia 10 hivi, na utaona intaneti imekuwa nyepesi zaidi. Najua inauma. Meneja mmoja wa hoteli alinijibu kwamba yeye hakununua soda ili aimwage. Nikamwachia siku tatu bila kubana na siku tatu kwa kubana. Siku ya saba akasema acha ilivyo.

Namba ya kubana usiitoe kwenye mkataba. Pima saa tofauti, asubuhi, saa nane mchana na saa mbili usiku ambapo kila mtu yuko mtandaoni, chukua matokeo ya chini yanayojirudia, kisha toa asilimia 10 hadi 15 kutoka hapo.

Sasa makundi. Mangapi, na kila kundi lipewe nini?

Matatu au manne. Nimeona ruta ina makundi kumi na mbili, na mwenye nayo hakuweza kunieleza tofauti ya la tano na la saba.

Nitakuonyesha mpangilio wa kituo kilekile cha afya, upande wa kupakia ambao ndio mwembamba, 1.8 Mbps baada ya kubana. Simu za sauti na video za matibabu nilizipa kilobiti 400 kwa sekunde, zikiwa za kwanza kabisa kutoka. Mfumo wa wagonjwa na ripoti za DHIS2 (mfumo wa takwimu za afya) zina uhakika wa 800. Barua pepe na kuperuzi kwa kawaida 450. Masasisho ya kompyuta, nakala za picha na kila kisicho na haraka 150. Jumla 1,800. Isipokuwa lile la kwanza, kila kundi linaruhusiwa kukopa cha wengine kisipotumika, kwa hiyo usiku video za harusi zinaweza kuchukua karibu njia yote na hakuna anayeumia.

Kundi la kwanza haliruhusiwi kukopa, na hilo ni kwa makusudi. Kundi lenye kipaumbele kisicho na kikomo ni mlango wa wizi: siku kitu chochote kikubwa kikijipenyeza humo, wengine wote wanakufa njaa. Weka kikomo.

Kwa hesabu ya sauti: simu moja ya kodeki (namna ya kugeuza sauti kuwa data) ya G.711 inakula kilobiti 64 za sauti, lakini ukiweka vichwa vya pakiti inafika 80 kila upande. G.729 inakula 8 tu za sauti, na vichwa vinaipandisha hadi 24. Unaona kwamba kwenye G.729 bahasha ni nzito kuliko barua. Kwenye dishi ninachagua G.729 kila inapowezekana.

Nitazitambuaje simu za WhatsApp au Zoom ili ruta izipeleke mbele?

Kwa namba za milango ambayo programu hupitishia data unaweza kukaribia: simu za WhatsApp hutumia sana UDP (utumaji usiongoja risiti) 3478, Teams 3478 hadi 3481, Zoom 8801 hadi 8810. Lakini orodha hizo hubadilika bila wewe kuambiwa, na mimi nimechoka kuzifukuzia.

Ninachopendelea ni kutambua kifaa badala ya programu. Chumba cha mganga kiwe na mtandao wake, VLAN yake (kipande cha mtandao kilichotengwa) au jina lake la waifai, na chochote kinachotoka humo kipewe daraja la juu ndani ya kikomo. Waifai ya wageni na ya wafanyakazi iwe nyingine. Ni njia butu lakini haivunjiki.

Kuna pia alama za DSCP zinazoandikwa kwenye kichwa cha kila pakiti: 46 kwa sauti, 34 kwa video ya mkutano, 8 kwa mizigo isiyo na haraka. Simu za mezani za IP huzitia zenyewe. Zinafaa kuanzia kwenye simu hadi kwenye modemu, na hadi kituo cha ardhini kama mtoa huduma amekubali kuziheshimu. Zikishaingia intaneti ya wote, hesabu kwamba zimefutwa.

Upande wa kupakua je? Watu wangu wanatazama video zaidi ya kutuma.

Hapo unashika mkia wa nyoka. Foleni ya kupakua iko kwenye kituo cha ardhini, kwa mtoa huduma, kabla data haijapanda juu. Ikikufikia imekwisha kula nafasi ya setilaiti.

Ruta yako inaweza kubana kupakua pia kwa kutupa pakiti chache ili seva ya mbali ielewe na kupunguza mwendo. Kwenye fiba inafanya kazi vizuri. Kwenye dishi, habari ya pakiti iliyotupwa inafika kwa mtumaji baada ya sehemu kubwa ya sekunde, na wakati huo alikuwa bado anamimina. Kwa hiyo acha nafasi kubwa zaidi: kama kupakua ni 10 Mbps, bana kwenye 8 au 8.5. Kilicho bora ni mtoa huduma apange madaraja upande wake. Mwombe kwa maandishi. Wengi wana uwezo huo kwenye mitambo yao na hawautangazi, kwa sababu ni kazi.

Mkataba wangu unasema 1:10. Maana yake?

Kwamba nafasi yako mmegawiwa hadi wateja kumi. Ile 10 Mbps ni kilele. Uliza kasi ya uhakika ni ngapi, ile usiyoshushwa hata wote wakiwa hewani. Kama hakuna iliyoandikwa, hesabu moja ya kumi. Uliza pia kuna kiwango cha matumizi ya siku au mwezi ambacho ukikivuka wanakupunguzia mwendo. Kanuni za kipaumbele zinazotegemea 10 zikikutana na njia iliyogeuka 3 saa mbili usiku, zote ni mapambo.

Mvua ikinyesha kila kitu kinaharibika. Kipaumbele kinasaidia?

Kinasaidia, ila ukikipanga ukijua mvua inafanya nini.

Matone ya mvua hula mawimbi, na kadiri mawimbi yanavyokuwa mafupi ndivyo yanavyoliwa zaidi. Kati ya bendi za masafa ya setilaiti, C hustahimili, Ku inayumba, Ka inaumia hasa. Mifumo ya sasa ya DVB-S2 (kiwango cha kurusha data kwa setilaiti) haikati mawasiliano ghafla, bali hubadilisha namna ya kusimba mawimbi, ikipunguza kiasi cha data ili kinachobaki kisomeke. Hivyo njia iliyokuwa 10 inaweza kuwa 4 kwa dakika ishirini, na ya kupakia nayo ikapungua, halafu zirudi.

Na ruta yako? Bado imebanwa kwenye 8.5 kupakua na 1.8 kupakia. Foleni ya kupakia imerudi kwenye modemu, na mganga amerudi nyuma ya harusi.

Zipo njia tatu. Kama modemu ina upangaji wa madaraja wa ndani, utumie, kwa sababu yenyewe inajua kasi halisi ya dakika hiyo. Kama haina, panga makundi kwa uwiano badala ya namba ngumu, na uandike programu ndogo inayopima pingi kila sekunde chache na kupunguza kikomo pingi ikipanda. Kama huwezi lolote kati ya hayo, basi wakati wa masika shusha kikomo kwa mkono na ukubali kupoteza. Mimi nina vituo viwili ambako mlinzi ana maelekezo: ukiona wingu jeusi upande dishi linakotazama, bonyeza hapa. Sijisifu kwa hilo, lakini linafanya kazi.

Mara mbili kwa mwaka inakatika dakika chache mchana bila wingu hata moja. Ni hitilafu?

Ni jua. Karibu na Machi na Septemba jua linapita nyuma ya setilaiti kwa macho ya dishi lako, na kelele yake inaimeza mawimbi. Hudumu dakika chache kwa siku kadhaa mfululizo, saa ileile. Mtoa huduma anaweza kukupa ratiba; mapema waambie watu.

Simu inasikika safi, lakini tunagongana kwenye mazungumzo.

Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, linapendekeza sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 upande mmoja, na 400 ndio mwisho wa kuvumilika. Wewe una 280 hadi 350 kabla ya kitu kingine chochote. Na kama wewe una VSAT na unayempigia ana VSAT, sauti inapanda, inashuka kwenye kituo cha ardhini, inapanda tena na kushuka kwake: umevuka 400 tayari. Kipaumbele hakigusi hilo.

Masista wa misheni moja walinifundisha dawa. Walizoea redio kol kwa miaka mingi, kwa hiyo wanamalizia kila sentensi kwa "ova". Wageni huwacheka siku ya kwanza, siku ya pili wanaiga.

Lakini kama sauti inakatakata, hilo ni jambo jingine: pakiti zinafika kwa vipindi visivyolingana. Kwenye VSAT, modemu nyingi zinapokezana masafa yaleyale, kila moja ikiomba zamu ya kutuma. Ukiwa kimya kisha ukaanza kuongea, ombi la zamu lenyewe linasafiri hadi juu na kurudi. Muulize mtoa huduma kama anaweza kukutengea nafasi ndogo isiyokatika kwa ajili ya sauti. Hugharimu, ila kwa simu mbili tatu si pesa nyingi.

Faili moja haizidi kilobiti 900 kwa sekunde hata usiku. Njia ni 10 Mbps.

Hapa hakuna foleni, kuna mtumaji mwoga. Katika TCP, utaratibu wa kutuma data kwa risiti, mtumaji hutuma kiasi fulani, halafu husimama kungoja risiti. Vifaa vya zamani, hasa masanduku ya kamera za ulinzi na seva zilizosahaulika, havizidi baiti 65,535 kwa mkupuo. Baiti hizo kwa kila milisekunde 600 ni kilobiti 870 kwa sekunde, na hapo ndipo ukuta wako. Kuijaza 10 Mbps kunahitaji kilobaiti 750 ziwe angani kwa wakati mmoja. Kompyuta za sasa hupanua dirisha zenyewe. Cha zamani kisasishe au gawanya upakuaji katika vipande kumi na viwili hivi sambamba.

Modemu nyingi za VSAT zina msaidizi wa ndani anayetoa risiti kwa niaba ya upande wa mbali, ili mtumaji asisimame. Ndiye anayeifanya VSAT ivumilike.

Tulifunga VPN ya ofisi (njia iliyosimbwa ya kuingia mtandao wa ofisi), kasi ikashuka vibaya. Mtoa huduma anasema si yeye.

Na anasema kweli. Msaidizi yule husoma vichwa vya TCP. VPN inasimba kila kitu pamoja na vichwa, kwa hiyo anaona mabunda yasiyo na maandishi na kukaa kando. Kipaumbele nacho kinapofuka: simu na nakala za picha zote ni bunda moja linaloelekea anwani moja.

Kabla ya kusimba, ruta iandike alama za DSCP na VPN inakili alama hizo kwenye kichwa cha nje. Vifaa vingi vina chaguo hilo. Halafu jiulize kama kila kitu lazima kipite VPN. Mifumo ya tovuti inayotumia https imekwisha kusimbwa. Kuifunga mara ya pili kwenye dishi ni kuvaa koti juu ya koti kwenye joto la Tanga.

QUIC, utaratibu unaopita juu ya UDP ambao YouTube na tovuti nyingi za Google hutumia, nao unamficha msaidizi vichwa vyake. Wapo wanaofunga UDP 443 ili vivinjari virudi kwenye TCP. Jaribu, pima, na ukiona hakuna tofauti, fungua.

Nimesoma kuhusu fq_codel na CAKE. Nizitumie kwenye VSAT?

Tumia. Ni programu za kupanga foleni, zipo kwenye OpenWrt (programu huria ya ruta) na kwenye RouterOS toleo la 7 la MikroTik, na zinapendelea mazungumzo mepesi bila wewe kuandika kanuni nyingi. Ila usiziache na namba za kiwandani. Zimepangwa kwa mtandao wenye safari ya milisekunde 100. Kwenye dishi hazitampa mtumaji muda wa kuitikia, zitaendelea kutupa pakiti mapema mno, na upakuaji wako utaporomoka.

Kwenye CAKE kuna neno lililotengwa kwa ajili yako, *satellite*, linaloweka kipimo cha milisekunde 1,000. Kwenye fq_codel weka kipindi kati ya 600 na 1,000, na lengo kama sehemu moja ya ishirini ya hapo. Mistari miwili tu. Nimeona watu wakizilaani hizi programu mwaka mzima kwa sababu ya mistari hiyo miwili.

Starlink si imemaliza haya yote?

Umbali, ndiyo. Setilaiti zake ziko kilomita 550 hivi badala ya 35,786, na pingi ya milisekunde 25 hadi 60 si ajabu. Rwanda waliipata Februari 2023, Kenya Julai mwaka huohuo, na kazi yangu imebadilika.

Foleni haijaisha. Upande wa kupakia bado ni mwembamba kuliko wa kupakua, na kasi inabadilika muda wote kwa sababu dishi linapangiwa upya setilaiti kila sekunde 15 hivi, na kwa sababu anga la juu yako unagawana na majirani. Novemba 2024 usajili mpya ulisimamishwa Nairobi na kaunti za jirani kwa kuwa nafasi ilikuwa imejaa. Anga nayo hujaa.

Kikomo kisichobadilika hakifai hapa: ukiweka cha chini unajinyima, cha juu kinavuja. Weka ruta yako nyuma ya ile ya kwao, na utumie kibano kinachojirekebisha kwa kufuata pingi. *Cake-autorate* ndiyo ninayotumia mimi. Kipimo cha CAKE huku kiache kwenye 100 ya kawaida. Ukiweka neno lile la setilaiti, foleni itavimba bure.

Ofisi yetu iko Dar, tuna fiba. Dishi ni la dharura tu. Tunahitaji haya?

Nyinyi zaidi ya wengine. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, waliokuwa na dishi la akiba walijikuta wafanyakazi mia wanahamia kutoka fiba ya megabiti 200 kuja kwenye dishi la 20, na kila simu, kila laptopu ikiendelea kama vile hakuna kilichotokea. Dishi halikuwa na hitilafu, lilizama.

Andika seti ya pili ya kanuni, inayowaka yenyewe njia ikihamia kwenye dishi: malipo, barua pepe na simu zipite, waifai ya wageni izimwe, masasisho yasimame. Kisha chomoa fiba Jumamosi moja makusudi na uone.

Nizuie TikTok?

Swali la mabosi. Ukitaka zuia, lakini mara nyingi si TikTok inayokuua. Angalia kwanza masasisho ya Windows, yanayokuja kwa kila mashine peke yake; ruhusu mashine zigawiane zenyewe ndani ya ofisi, na upangie saa nne usiku hadi kumi na moja alfajiri. Angalia nakala za picha za simu. Angalia kamera za ulinzi zinazotuma nje saa 24. Kisha weka seva ndogo ya kukumbuka majina ya tovuti ndani ya ruta yako: kila jina lililokwisha kuulizwa na mwenzako linakuokolea milisekunde 600. Ni bure, na ndiyo badiliko ambalo watumiaji huliona kabla ya mengine yote.

Nimepanga kila kitu. Nitajuaje kama kimeshika?

Rudia lile jaribio la pingi saa mbili usiku, wakati wa msongamano wa kweli. Fungua takwimu za foleni kwenye ruta: kundi la mwisho liwe linatupa pakiti, kundi la kwanza lisiwe limetupa hata moja. Kama makundi yote yana sifuri, ujue foleni bado iko kwenye modemu na kikomo chako ni kikubwa mno. Rudi ukishushe kwa asilimia tano, pima tena.

Na namba ulizoweka ziandike kwenye karatasi, ukaibandike ndani ya mlango wa kabati la vifaa pamoja na tarehe. Fundi atakayekuja baada yako ataona ruta imebanwa kwenye 1.8 huku mkataba unasema 2, atadhani ni kosa, na atalirekebisha.